Uzi wa Buibui wa Gongoni

Gongoni, Tabora
11 Desemba 1977

Kaka Nassibu, shikamoo!

Baba mzima, mama mzima, mguu wake umepoa, mvua zimeanza, mimi ndiyo huyu unayemsoma. Salamu zimeisha, twende kwenye mambo. Hiyo mashine ni nini?

We kaka una roho gani? Kurasa mbili nzima unaniandikia theluji na viatu vya theluji na bei ya viatu vya theluji, halafu chini kabisa, kwenye kona, herufi za sisimizi: "Siku hizi nashinda na mashine inayoipitisha elektroni njia mbili kwa mara moja." Nukta. Wako Nassibu. Ndiyo nini sasa? Kitabu cha fizikia ulichoniachia nimekisoma mpaka jalada limetoka, nimelishona kwa uzi wa magunia, na hakuna mahali wanaposema elektroni moja inapita njia mbili. Ama kitabu kinadanganya, ama wewe.

Mimi nipo pale pale, mezani kwa baba. Asubuhi namshikia fedha akichomelea, jioni natengeneza redio za watu. Ya Mwalimu Ambrosi, yule anayefundisha fizikia kwa wavulana, nimeitengeneza juzi. Akaniuliza, "Umesoma wapi wewe binti?" Nikamwambia nasoma kwa kaka yangu, kwa posta. Akacheka. Baba hakucheka. Baba anasema sonara mwanamke siku ya harusi yake atavaa nini, pete alizofua mwenyewe? Nikamwambia ndiyo baba, tena za bure.

Haya, niandikie mashine yote. Usinipunguzie kwa kuwa niliishia darasa la saba. Mama ananipunguzia chai, baba ananipunguzia kazi, sasa na wewe ukinipunguzia nitakula nini?

Mdogo wako,
Zamda


Ujerumani Magharibi
9 Januari 1978

Mdogo wangu Zamda,

Marahaba, tena marahaba ya nguvu. Barua yako niliisomea chumba cha chini cha maabara, nikacheka mpaka Profesa akachungulia kuona kama gesi inavuja.

Haya, sikupunguzii. Ni bomba la chuma, refu kunishinda, limesimama wima. Hewa ya ndani tunainyonya kwa pampu kutwa nzima mpaka unabaki utupu mtupu. Juu kuna kiwaya cha moto kinachotoa elektroni. Katikati tumetandika uzi mmoja mwembamba sana, huuoni mpaka mwanga uupige kwa pembeni. Umepakwa dhahabu na una umeme. Elektroni ikifika pale ina njia mbili, kulia kwa uzi au kushoto. Na haichagui, Zamda. Inapita kote kote, halafu huku chini inakutana na nafsi yake, na kwenye filamu inatokea mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kama msuli wa baba. Hata tukizipitisha moja moja, kila moja peke yake, mistari inatokea. Kitabu hakikudanganya, kimezeeka tu.

Sasa sikia ndoto ya Profesa. Chembe tunazozijua ni za aina mbili. Kuna zinazopenda kubanana mahali pamoja, na kuna kama elektroni, kiti kimoja mtu mmoja. Mwaka jana Wanorwe wawili wameandika kwamba kama dunia ingekuwa bapa kama mkeka, bila juu wala chini, ingewezekana kuwa na aina ya tatu: chembe ambazo zikizungukana zinakumbuka zilizungukana upande gani. Na huenda zisiwe chembe hasa. Fikiria nafasi kwenye foleni ya sukari. Mtu wa mbele akisogea, nafasi inarudi nyuma. Wa pili akisogea, inarudi tena. Hakuna mtu anayeitwa Nafasi, lakini unaiona inatembea mpaka mwisho wa foleni. Profesa anataka siku moja vitu vya namna hiyo vipite njia mbili, mashine ituonyeshe kama vinakumbuka. Wenzake wanamcheka. Mimi simcheki, ila nadhani siku hiyo tutakuwa na mvi.

Kwa sasa shida yetu ni uzi. Tunauvuta kutoka kwenye kioo kilichoyeyushwa, na unakatika kila siku mbili. Profesa anasema zamani walitumia uzi wa buibui. Nikamwambia chooni kwetu Gongoni kuna buibui wa kutosha maabara zote za Ulaya.

Msalimie mama, umwambie soksi zimefika na zimenitosha.

Kaka yako,
Nassibu


Gongoni
5 Februari 1978

KAKA!

Nimeelewa. Nimeelewa jana saa nne asubuhi, stesheni, mbele ya gari moshi la Kigoma.

Unawakumbuka Kulwa na Doto, wapagazi? Wale mapacha ambao hata mama yao anawaita wote wawili ili asikosee. Nikawaambia njooni nawapa kazi ya akili. Nikamfunga kila mmoja kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo zile za ghala. Nikasema, badilishaneni nafasi. Wakabadilishana. Ukiwatazama sura, hakuna kilichobadilika, yule yule hapa, yule yule pale, hata Mungu nadhani alitazama mara mbili, astaghfirullah. Lakini kamba! Kamba zimepishana! Nikasema zungukaneni tena, upande ule ule. Zikasokotana. Nikasema sasa rudini kwa upande mwingine. Zikafunguka! Kwa hiyo sura zimesahau, ila kamba zinakumbuka. Na kama Doto angeruka juu ya kamba ya mwenzie, kumbukumbu ingepotea, ndiyo maana dunia lazima iwe bapa, isiwe na juu. Si ndiyo? SI NDIYO?

Msimamizi akatoka ofisini. "Nyie, hiyo ngoma gani, na gari linaingia?"

Kulwa akasema, "Bwana mkubwa, tunachunguza dunia."

"Chunguzeni mizigo!"

Doto ananidai maelezo zaidi. Anasema kama yeye na Kulwa ni aina ya tatu, basi wapandishiwe mshahara.

Sasa lingine. Fungua hicho kiberiti nilichokifunga pamoja na barua, polepole, POLEPOLE, usipumue. Umeona fremu ya waya? Nimeikunja kwa koleo ndogo ya baba. Katikati yake kuna uzi. Ni wa buibui wetu, siyo wale wanene wa chooni, ni yule mdogo wa dirisha la jikoni, uzi wake hata ukiwa mbele ya pua huuoni. Mama alikuja juu: "Mwache huyo, alimhifadhi Mtume pangoni!" Nikamwambia mama simuui, namwomba tu. Akasema basi mwombe kwa adabu.

Siku tatu nilikata tamaa, ukigusa umekatika. Halafu nikamtazama baba anavyofanya. Si unajua baba hagusi kitu chembamba bila nta kidoleni? Basi nikapaka nta, ile nzuri nyeupe ya Bukene, nikaupitisha uzi katikati ya vidole, nikagandisha ncha zake kwa nta kwenye fremu. Ukakaa! Nimetikisa kiberiti, nimekiangusha, haujakatika.

Utie kwenye mashine, kaka. Niambie.

Zamda wako


Ujerumani Magharibi
12 Machi 1978

Mdogo wangu mpendwa,

Uzi umefika salama na umefanya kazi vizuri sana. Ni mzuri kuliko wa kioo. Profesa amekusifu mno, amesema una mikono ya dhahabu. Wote hapa wamekusifu. Picha ya mistari hii hapa, mwonyeshe baba. Na majaribio yako ya stesheni ni sahihi kabisa, wewe ni hodari sana.

Nina kazi nyingi kidogo, nitaandika kirefu baadaye. Usijisumbue kutuma mwingine, huu unatosha.

Kaka yako,
Nassibu


Gongoni
9 Aprili 1978

Kaka, kaka, kaka!

Nimesoma barua yako mbele ya watu wote. Mama akapiga kigelegele, jirani wakadhani nimeposwa, wakaja na sahani. Baba akasema "soma tena hapo kwenye mikono." Nikasoma tena. Unajua baba hasemi kitu. Akaichukua ile picha, akaikatia fremu ya bati, akaitundika juu ya meza yake ya kazi. Kila mteja anayekuja kupima pete anaambiwa, "Ile mistari unaiona? Uzi wa Zamda. Upo Ujerumani." Juzi alinipa bangili ya mteja niimalize mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, akaenda zake msikitini. Hakurudi kuchungulia!

Lingine: Mwalimu Ambrosi amekuja nyumbani, kavaa tai, akamwomba baba ruhusa nisimame Sabasaba uwanjani na wanafunzi wake, kwenye banda la sekondari. Nieleze uzi, elektroni, njia mbili, na aina ya tatu. Kulwa na Doto wamekubali kufungwa tena kamba, wanataka soda. Bango litaandikwa: UZI WA TABORA NDANI YA MASHINE YA ULAYA. Nyekundu.

Sasa nisaidie. Uzi ulitoa mistari mingapi? Mlipaka dhahabu kiasi gani? Nta iliwasumbua? Ulikaa siku ngapi? Picha hii ilipigwa lini, asubuhi au jioni? Nataka mtu akiniuliza nisiwe na pengo.

Zamda, fundi wa Ulaya (baba ndiye ananiita hivyo)


Ujerumani Magharibi
14 Mei 1978

Mpendwa Zamda,

Nimefurahi kusikia habari za nyumbani.

Kuhusu Sabasaba, nimefikiri sana. Watu wa uwanjani wanataka kuona mahindi, pamba, ng'ombe. Mambo ya elektroni yatawachosha, na wewe bado mdogo, usijibebeshe mzigo. Mwambie Mwalimu Ambrosi kwamba mwaka mwingine. Maswali yako ni ya kitaalamu mno, hata nikiyajibu yatakuchanganya.

Msalimie baba. Kama inawezekana ile picha iondolewe ukutani, vumbi la fedha litaiharibu.

Kaka yako,
Nassibu


SIMU YA MAANDISHI
30 Juni 1978
ZAMDA TWALIBU SONARA GONGONI TABORA
USISIMAME SABASABA SUBIRI BARUA
NASSIBU


Gongoni
8 Julai 1978

Kaka Nassibu,

Leo nakupa shikamoo moja tu, na siyo ya moto.

Simu yako niliipata. Barua yako ya Mei pia niliipata, ile ya "yatakuchanganya". Ile ndiyo iliyonichanganya. Nililia nayo stoo, kisha nikajifuta, nikasema acha nijibu maswali yangu mwenyewe.

Nilitaka watu wa Sabasaba wauone utupu kwa macho. Pampu nitapata wapi? Nikachukua ya baiskeli ya baba, nikageuza ile ngozi ya ndani. Ukigeuza, badala ya kusukuma inavuta. Nikaiunga kwa mpira kwenye chupa kubwa ya dawa. Ndani nikatia fremu yenye uzi wenye nta, pacha kabisa wa ule niliokutumia. Nikavuta, nikavuta, mkono umekufa ganzi. Halafu nikasema, pale kwa kaka kuna kiwaya cha moto, na mimi niweke moto kidogo, nikasogeza kibatari chini ya chupa.

Chupa ikashika ukungu. Ukungu mweupe, ndani ya kioo, ukuta mzima. Nilipofungua ilinukia asali.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Kama pampu ya baiskeli na kibatari vimefanya hivi, bomba lako la kunyonywa kutwa limefanywa nini na nta yangu? Vitu vya ndani vyote vimepakwa. Na dhahabu itashikaje juu ya nta? Na umeme utapitaje?

Nikaitoa barua yako ya Machi. Uzi mzuri, Profesa kasifu, wote wamesifu, Zamda hodari. Hakuna hata kitu kimoja kilichoharibika. Kaka, tangu uende huko hujawahi kuniandikia siku moja ambayo hakuna kitu kilichoharibika! Pampu imekufa, kioo kimekatika, tramu imepita mistari ikatetemeka. Siku ya uzi wangu tu ndiyo dunia nzima ilikaa sawa?

Na ile picha ni ya uzi wa nani?

Mwalimu Ambrosi akasema tusimamishe, tuseme naumwa. Nikakataa. Jana nilisimama, kaka. Bango niliandika upya. Nikavuta pampu mbele ya watu, nikasogeza kibatari, chupa ikashika ukungu, nikasema: "Huu ndio uzi niliompelekea kaka yangu, na hivi ndivyo nilivyoharibu mashine ya Ulaya."

Halafu mzee mmoja, mrina asali wa Bukene, akauliza kwa sauti, "Mashine ya nani, Wajerumani?"

Nikasema ndiyo mzee.

"Wale wale waliojenga Boma?"

"Wale wale."

"Basi mwanangu usilie. Wao walituharibia vingi."

Uwanja ukaangua kicheko, hata mkuu wa banda. Kulwa na Doto wakazungukana, watu wakapiga makofi, wavulana wa sekondari wakaniuliza maswali mpaka nikakauka koo. Nilijibu yote. Hakuna aliyechanganyikiwa.

Ila baba alikuwepo. Alisimama nyuma, kavaa kanzu yake ya Idi, alikuja kusikia habari za mikono ya dhahabu. Alipofika nyumbani aliitoa picha ukutani, akaigeuza uso chini, akaitia kabatini. Leo asubuhi kashika bangili zote mwenyewe.

Mimi sijakasirika kwa sababu uzi uliharibu. Uzi umekosea, uzi utajifunza. Nimekasirika kwa sababu ulinipa pipi kama mtoto.

Bado nakupenda. Ndiyo inayouma.

Zamda


Ujerumani Magharibi
2 Agosti 1978

Zamda,

Nimesoma. Nimekaa nayo siku mbili.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Niliuweka uzi wako saa ya chakula cha mchana, Profesa akiwa nje, bila kumwambia mtu. Nilitaka akirudi akute mistari, nimwambie hiyo ni kazi ya dada yangu. Dhahabu haikushika. Nilipowasha, doa la mwanga lilitangatanga kama mlevi, halafu likazimika. Nta ilitapakaa kila mahali. Profesa aliporudi hakufoka. Alinusa, akaniuliza kwa nini mashine yake inanukia mishumaa ya kanisani. Halafu akanipa kitambaa na chupa ya spiriti, akaondoka. Tulilifungua bomba zima, wiki sita kuosha vipande. Zamu yangu alipewa mwingine. Picha niliyokutumia ni ya uzi wa kioo, ya Oktoba mwaka juzi.

Nilikuona akilini unasoma barua mbele ya mama. Nikashindwa kuandika "umeharibu". Nikaandika yale. Kisha ulipoleta Sabasaba sikuwa na pa kutokea, nikakuambia wewe mdogo. Mdogo nilikuwa mimi.

Jana nilimpelekea Profesa barua yako, nikamtafsiria yote mpaka mzee wa Bukene. Pale kwenye Boma alitazama dirishani kidogo. Halafu akauliza, "Ngozi ya pampu aliigeuzaje?" Nikamchorea. Akasema: atume mwingine. Bila nta, bila jasho la kidole, bila chochote. Na safari hii atautia yeye mwenyewe, na mimi nitaruhusiwa kusimama mlangoni.

Mwambie baba kosa ni langu. Kama hataki kusikia jina langu, mwambie hivyo hivyo.

Nassibu


Gongoni
3 Septemba 1978

Kaka,

Shikamoo, imeanza kupata moto.

Nimemwambia baba. Amesema, "Nimesikia." Basi.

Kiberiti hiki hapa. Hakuna nta, hakuna kidole. Nimeosha fremu kwa spiriti, nikamweka buibui juu yake mwenyewe, nikampulizia kidogo akashuka, akavuka upande wa pili akaubandika uzi kwa gundi yake. Yeye ndiye fundi, mimi mshika taa.

Sharti moja. Andika kilichotokea. Hata kama ni kibaya. Hasa kama ni kibaya.

Zamda


Ujerumani Magharibi
1 Oktoba 1978

Zamda,

Umekatika. Nimefungua kiberiti nimekuta vipande vitatu na fremu imepinda kama mguu wa kuku.

Una akili gani kutuma kitu cha namna hii kwenye kiberiti? Ule wa kwanza ulinusurika kwa sababu nta iliushika, huu hauna cha kuushika. Hujui posta wanagonga mihuri kama wanatwanga mpunga? Jasho la siku ngapi limepotea kwa uvivu wa kutafuta kiboksi! Tena upande wa kushoto buibui wako amepitisha nyuzi mbili zilizogandana, ungetazama kwa lenzi ya baba ungeona. Hukutazama. Rudia.

Profesa anasema gundi ya buibui ni wazo zuri. Hilo tu ndilo zuri.

Nassibu


Gongoni
12 Novemba 1978

Kaka Nassibu, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Hii ndiyo barua tamu kuliko zote ulizowahi kuniandikia. "Una akili gani!" Nimeisoma mara kumi. Mguu wa kuku! Nimemsomea mama, akasema, "Mbona anakutukana na wewe unacheka?" Nikamwambia mama huelewi, sasa tunafanya kazi.

Ni kweli sikutazama kwa lenzi. Nilikuwa na haraka, mimi na haraka zangu. Nimetazama sasa, na kweli nyuzi nyingi ni mbili mbili. Buibui akitulia anashusha uzi mmoja, akiogopa anashusha mbili. Kwa hiyo mchana wenye kelele haufai, na huku sasa kelele ni kila siku, redioni ni vita ya Kagera, magari moshi ya askari yanapita, akina mama wanakimbilia stesheni na maandazi. Kulwa kachukuliwa mgambo. Doto anasema akiitwa jina anaitika mara mbili, moja yake, moja ya mwenzie.

Nilingoja alfajiri, watu wapo msikitini. Nyuzi tisa nimetupa. Huu ni wa kumi, ni mmoja, nimeutazama kwa lenzi mwanzo mpaka mwisho. Kiboksi ni cha mninga, cha kuwekea pete. Sikukiomba. Nilirudi kutoka sokoni nikakikuta mezani, kimechongwa ndani vijishimo vinne vya kukamata fremu isitikisike. Baba alikuwa anafua kitu kingine, hakunyanyua kichwa.

Andika kama ilivyo.

Zamda


Ujerumani Magharibi
14 Januari 1979

Zamda,

Kiboksi kimefika kizima. Uzi mzima.

Profesa aliutia mwenyewe. Dhahabu ilishika sehemu kubwa, upande wa juu kuna kovu ambapo haikushika, tukalikwepa. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili hatukuona kitu, pampu ilikuwa na ufa. Jumatano saa tisa alasiri mistari ikatokea. Ni mitano, hafifu, imeinama kushoto kwa sababu uzi ni mnene zaidi upande mmoja. Ilikaa dakika chache, tramu ikapita, ikatetemeka, ikarudi. Jioni uzi ulilegea. Ni kawaida ya uzi wa buibui, anasema Profesa, unakunywa joto. Haushindi wa kioo.

Siyo aina ya tatu. Ni elektroni za kawaida zilizopita pande mbili za uzi wako zikakutana. Aina ya tatu bado ni karatasi ya Wanorwe, na pengine itabaki karatasi kwa miaka mingi. Nakuambia usije ukaandika bango.

Nimerudishiwa zamu. Picha hii ni ya Jumatano ile. Haipendezi, ni kama msuli uliofuliwa sana.

Usitume mwingine mpaka ujue kuzuia ule unene. Jaribu buibui mdogo zaidi.

Nassibu


Gongoni
18 Februari 1979

Kaka yangu,

Barua ilifika Ijumaa, baada ya swala. Nilimkuta baba mezani, nikamwambia imekuja. Akaendelea kupiga nyundo. Nikasema nisome? Akasema, "Mimi siyo kiziwi."

Nikasoma yote, mpaka kovu, mpaka ufa wa pampu, mpaka tramu. Nilipofika "haushindi wa kioo" nyundo ilisimama. Nikaendelea mpaka mwisho. Nikamwekea picha mezani. Aliitazama sana, akaileta karibu na jicho kwa lenzi, mstari mmoja mmoja.

Akauliza, "Safari hii ni kweli?"

Nikasema, "Kweli, baba."

"Umejuaje?"

"Hajanisifu hata mara moja."

Baba akacheka, kaka. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta kwa pindo la msuli, mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha akavuta stuli kwa mguu, akanionyesha nikae.

"Anza tena," akasema. "Kuanzia kwenye kovu."

Zamda